Tarehe Iliyopakwa kwenye Milango Arobaini na Mitatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye kitambulisho alichonacho afande; mtaani naitwa Brashi
Umri: miaka 52
Kazi: fundi rangi
Makazi: chumba cha uani, nyumba ya dada yangu, mtaa wa bondeni nyuma ya kiwanda cha magunia
Yameandikwa: Alhamisi tarehe 19 mwezi wa tisa, kuanzia saa 3:10 asubuhi

Mimi ni fundi rangi, huu mwaka wa ishirini na nane. Nimepaka mnara wa simu nikining'inia kwa mguu mmoja, upepo unavua watu viatu, na sikudondosha tone. Rula huja kwangu kujipima. Afande ameniambia nieleze yaliyotokea tu, basi naeleza.

Mnamo Jumatatu tarehe 16 mwezi huu, saa 2 asubuhi, alikuja nyumbani bwana mmoja mwenye kizibao cha kung'aa, akasema yeye ni mpimaji kutoka ofisi ya ardhi. Akauliza fundi rangi bora ni nani. Nikamwambia amefika. Akanipa kopo la rangi nyekundu na karatasi, nipige X kwenye kila mlango wa bondeni, na chini yake namba ya nyumba na tarehe. Nikamuuliza alama za nini. Akasema, "Za kuletewa maji. Nyumba yenye alama ndiyo itavutiwa bomba."

Ieleweke kwamba bondeni tuko kaya 43 na bomba ni moja, nalo hutoa maji siku likijisikia. Dada yangu ni mfua nguo, saa 10 alfajiri yuko kwenye foleni ya ndoo. Barua za kuomba maji tumepeleka mara tatu. Tulijibiwa kwamba bonde letu halimo kwenye ramani.

Dada aliposikia habari ya maji akasema, "Mdogo wangu, anza na mlango wangu." Nikaanza na wake. Akakalia ndoo pale nje, kila apitaye anamwambia, "Huyo ni mdogo wangu, ndiye analeta maji."

Tarehe kwenye karatasi ilikuwa 16/7. Niliiona, nisiseme sikuiona. Nikamwambia mpimaji, "Mkubwa, mbona mwezi wa saba na sisi tuko wa tisa?" Akajibu, "Hiyo ni tarehe ya faili, fundi." Nikasema aa, ya faili, kama mtu aliyezaliwa ndani ya kabati la mafaili. Sikujua tarehe ya faili ni kitu gani, na mpaka leo sijui. Niliona aibu kuuliza mara ya pili mbele ya watu. Saa 10 jioni milango yote 43 ilikuwa tayari. Tarakimu 7 yangu huwa na mkato katikati, bondeni hakuna mwingine anayeipiga hivyo.

Jana Jumatano, saa 7 mchana, ilibandikwa barua kwenye nguzo karibu na bomba. Jirani yetu, mwalimu wa chekechea, akaisoma kwa sauti: wakazi tulipewa notisi kwa alama milangoni tangu tarehe 16 mwezi wa saba, siku sitini zimekwisha, na Ijumaa saa 2 asubuhi nyumba zitavunjwa. Akaniangalia. "Brashi, si umepaka juzi tu wewe?" Watu wote wakageuka. Dada yangu alichukua kitambaa na mafuta ya taa, akaanza kusugua ile X. Heri angenitukana.

Nyumba ile dada ameijenga miaka kumi na moja, kifusi cha kuzibia tope kakibeba kichwani karai kwa karai. Tukiomba maji hatuonekani. Siku ya kuvunjwa tumeonekana mpaka namba za milango. Siku sitini ni za mtu kutafuta pa kulaza watoto. Sisi tumepewa siku moja, hizo nyingine wamezitengeneza kwa brashi yangu.

Nilimshika dada mkono asifute, kwa sababu mlango ule ni mpya. Seremala aliuleta Jumamosi tarehe 31 mwezi wa nane, mimi mwenyewe nikashika bawaba. Kila mlango anaoutengeneza huuandika nyuma, kwa penseli, tarehe ya kuukabidhi na sahihi yake. Kwa hiyo mbele pana 16/7, nyuma pana 31/8. Mlango umepewa notisi siku arobaini na sita kabla haujapachikwa. Mwezi wa saba pale palikuwa na pazia.

Leo saa 12 asubuhi nimeung'oa, nikauleta hapa kichwani, kilomita nne bila kupumzika. Afande amenikumbusha kwamba nimeapa. Nilipumzika mara mbili. Mlango uko nje, umeegemea ukuta.

Kama kupaka tarehe ya uongo ni kosa, niandikwe kwamba nilipaka mimi. Lakini aliyenipa karatasi naye aitwe, aseme mbele yangu hilo faili liko wapi. Na tingatinga lisishuke bondeni kesho kabla hajajibu.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa nikayakubali, na mkono unaosaini ndio uliopaka.

Sahihi ya shahidi: (ameweka)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi, saa 4:25 asubuhi. Mlango mmoja wa mbao umepokelewa kuwa kielelezo. Tarehe zote mbili nimeziona. Shahidi ameuliza mlango utarudishwa lini. Nimemjibu, shauri likiisha. Amesema basi na nyumba iwepo ya kuupachika.