Majivu ya Nyembe

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua siku ya kumi na moja. Kuta za saluni zinatoka jasho. Asubuhi nimefungua wembe mkubwa – madoa mawili ya kutu pembeni mwa makali, madogo kama ufuta. Na jana niliufuta, nikaupaka mafuta ya cherehani, nikauacha wazi juu ya kabati upate hewa. Hewa gani! Hewa yenyewe maji matupu.

Nimeusugua saa nzima. Nyembe hizi tano za kukunja aliniachia fundi aliyenifundisha kazi. Maneno yake yalikuwa mawili tu: usikunje wembe mbichi, na usiulaze kwenye ala ya ngozi, maana ngozi hunywa maji kisha huyarudishia chuma. Marehemu hakuwahi kufanyia kazi chini ya paa linalovuja.

Mke wangu anasema ninunue nyembe za kutupa kama wenzangu. Nimejifanya sikusikia.

Jumatano, 10 Aprili

Nimepata dawa. Majivu! Chumvi inalowa, mchele unalowa, majivu hayalowi upesi, yanakunywa unyevu kimyakimya. Nimezoa yale ya uani, pale kuku wanapojigaragaza, nikayachekecha kwa kipande cha wavu wa dirisha, nikajaza kopo la maziwa. Kila wembe nimeupaka mafuta, nimeuviringishia kitambaa, nimeuzika, kifuniko juu. Mke wangu kachungulia, kaniuliza nimezika nani. Nimemwambia nimezika kutu.

Ijumaa, 12 Aprili

Siku mbili, hakuna hata doa moja. Nimejisifu mpaka wateja wamechoka. Kinyozi wa kona, huyu tunayemwita Mashine kwa sababu hanyoi kichwa bila umeme, kaja kuona kwa macho yake. Naye ana nyembe mbili za kunyolea ndevu, zimemwozea. Kanitania, eti mzee ungesoma ungekuwa profesa. Kaondoka na nusu kopo. Nimempa na maelezo.

Jumamosi, 13 Aprili

Hatimaye paa limezibwa. Shemeji – mdogo wake mke wangu, fundi wa mabati – kapanda leo baada ya dada yake kumng'ang'ania wiki nzima. Msumari umemchoma kiganja. Mke wangu kamkalisha chini kama mtoto, kamwosha kwa sabuni na maji ya moto mpaka jitu zima likaomba msamaha.

Jioni akataka kunyolewa ndevu. Kesho anakwenda kuonana na wazazi wa mchumba wake. Nimechomoa wembe koponi, kitambaa kilikuwa kimefunguka, nikaufutia kwenye aproni. Nilikuwa na haraka, na yeye alikuwa ananichekesha. Nimemkata chini ya sikio la kushoto. Kidogo tu. Akaniuliza, shemeji, unaninyoa au unanichinja? Natafuta shabu ya kuzuia damu – imegeuka uji kwenye kisahani. Nikachota majivu kwa kidole, nikabana. Damu ikakata palepale. Nikamwambia majivu yangu yanatibu vyuma na watu. Tumecheka sana.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua bado. Nyembe kavu. Shemeji kakubaliwa na wakwe, mke wangu anaimba tangu asubuhi, anaharibu nyimbo za watu.

Jumapili, 21 Aprili

Shemeji kaja kula, hakula. Taya halifunguki. Kasema labda alilala vibaya. Sisi tukamtania, tukasema ni haya za bwana harusi. Chai yenyewe kainywa kwa kijiko.

Jumatatu, 22 Aprili

Hospitali. Asubuhi mgongo ulimpinda kitandani kwake, visigino na kisogo tu ndivyo vilivyogusa godoro. Wamesema pepopunda. Wamemweka chumba chenye giza, mlango wameufungia kitambaa usigonge, kwa sababu sauti na mwanga vinamkaza upya. Mgeni anaingia mmoja, miguu mitupu.

Daktari akauliza kidonda. Mke wangu akawahi: msumari, kiganjani, na mimi dada yake ndiye niliyempandisha juu. Nesi akaandika. Kisha akanigeukia mimi. Kuna kidonda kingine? Kuna kitu mlimpaka? Akaeleza kwamba wengine hupaka udongo, wengine majivu.

Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema hapana.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemfuata nesi ukumbini, nikamuuliza kama mgeni wa mambo: hii inaletwa na kutu? Nilitaka aseme ndiyo. Kutu ningeweza kuilaumu, kutu ni mvua, ni Mungu. Kasema watu wanaisingizia kutu bure. Ni vijidudu vya kwenye udongo na mavi ya wanyama, vinaingia kwenye kidonda vinafunikwa humo. Kasema mkeo alifanya vizuri kuosha, kile kiganja kimepona hata uvimbe hakina, ndiyo maana wanashangaa.

Pale uani kuku wanajigaragaza. Mimi nilichekecha vijiti na makaa, nikajiona fundi.

Ndevu zake zimeota, zimefunika ule mkato. Hakuna anayepaona mahali pale ila mimi. Mimi ni mwoga. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 25 Aprili

Majivu nimeyamwaga chooni, kopo nimelibonda. Nimekwenda kwa Mashine, nikamkuta anamnyoa mzee mmoja, kopo liko rafu ya juu. Nikamvuta pembeni. Mwaga yale majivu. Kwa nini? Yanaleta kutu. Akatoa wembe wake akanionyesha: unang'aa kama kijiko kipya. Kasema, mzee, umeona wateja wamenipenda, sasa unataka kuirudisha siri yako. Nikamwambia basi angalau usimpake mtu. Akaniangalia vizuri. Akauliza, kwani wewe ulimpaka nani?

Nimeondoka bila kuaga. Kopo limebaki pale.

Ijumaa, 26 Aprili

Nyembe zimeanza kutu tena, zote tano. Nimezitazama tu, sikunyoosha mkono. Saluni sikufungua.

Nimekwenda hospitali nimekaza moyo, leo nasema. Mke wangu yuko kwenye benchi la ukumbini, viatu vimepangwa pembeni yake. Siku nne hajala chakula cha maana. Kaniuliza, baba watoto, niambie ukweli – angekuwa mdogo wako, ungenisamehe? Nikamwambia hakuna kosa hapa. Kasema nasema hivyo kwa kumhurumia. Alinilalia begani. Kila nilipofungua mdomo nilimsikia anavyopumua, nikaufunga.

Nikamwendea nesi peke yake. Nikamwambia chini ya sikio la kushoto, ndani ya ndevu, kuna mkato. Mkauoshe. Akasimama. Umeujuaje? Nimeuona. Nani alimkata? Nikasema labda kinyozi.

Kinyozi gani?

Nikasema simjui.

Wameufungua, wameuosha. Nesi karudi na glavu mkononi, kasema ndani mlikuwa na weusi. Hakunilaumu kwa neno. Kasema tu kazi hiyo ilitakiwa kufanywa Jumatatu.

Jumapili, 28 Aprili

Amefariki alfajiri. Mke wangu ndiye aliyekuwa ndani, zamu yake. Alitoka bila viatu mpaka barabarani.

Jumanne, 30 Aprili

Tumezika jana. Leo watu wa upande wa mke wangu wamejaa sebuleni, wanataka kuelewa kijana mzima anakwishaje ndani ya wiki. Nipo chumbani, mlango haujafungwa vizuri, nasikia kila kitu. Naandika magotini.

Mjomba wao anauliza kwa upole, hana ubaya. Mke wangu anajibu. Ni mimi, mjomba. Alisema mvua iishe kwanza, mimi nikasema nimechoka kukinga ndoo. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Shangazi mmoja analia. Hakuna anayemkatiza, na hakuna anayemwambia si wewe.

Mjomba kasema mwiteni mumewe naye aeleze.

Nimeinuka. Nimefunga vifungo vya shati, nimeshika kitasa. Nilikuwa na maneno tayari, matatu tu: ni mimi, mjomba.

Kabla sijavuta nikamsikia mke wangu. Mwacheni, kasema, msimwite. Huyu ameumia kuliko mimi. Walikuwa kama wa tumbo moja, saluni hajafungua, chakula hali. Nawaomba mumwache apumzike.

Mjomba kasema basi, apumzike.

Nimeachia kitasa. Nimerudi kukaa.

Sasa wanamuuliza kile kidonda cha kiganja alikiosha kwa kitu gani. Anasema sabuni na maji ya moto. Mjomba anamuuliza, una hakika uliosha vizuri, mwanangu?



Anasema hajui.