Chumvi ya Pilau Ndani ya Mtungi wa Taa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Kisarawe. Jumatatu, tarehe 16 Agosti 1954, saa tatu asubuhi.

Jina: Siwema binti Kitwana. Umri: miaka 41 kwa kukadiria. Kazi: mwimbaji wa tarabu na mkulima. Dini: Mwislamu. Makazi: Kibuta.

Shahidi ameonywa aseme kweli tupu, naye anasema:

Mimi ndiye mwimbaji mkuu wa chama cha tarabu cha hapa Kisarawe. Naomba liandikwe hilo kwanza, maana wapo wanaojiita hivyo. Sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu kwa ajili ya fundi Hemedi bin Salehe wa Kongowe, Kibaha, ambaye mmemweka ndani tangu juzi. Mwenyekiti wetu, Bwana Mwinyimadi mwenye duka, amewaambia kwamba Hemedi alitumwa na chama cha Kibaha, mahasimu wetu, aje atuvurugie onyesho, na kwamba ndiye aliyemuunguza mpiga tari wetu Zubeda. Hemedi si ndugu yangu wala simpendi. Ana maringo, na akianza kuzungumza habari za umeme hanyamazi. Lakini mtu hafungwi kwa kuwachosha wenzake.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, baada ya adhuhuri, Hemedi alifika uwanjani na injini ya umeme na taa zake. Bwana Mwinyimadi alitaka jukwaa lianze na mwanga hafifu, kisha mwanga upande pole pole ninavyoimba. Aliona mambo hayo Dar es Salaam, tangu hapo hatulali. Kwa kazi hiyo Hemedi aliweka nyuma ya pazia mitungi mitatu ya maji. Ndani ya kila mtungi mlikuwa na vibati viwili, kimoja chini na kimoja kinaning'inia kwa kamba. Maji yakitiwa chumvi kidogo, umeme unapita. Kibati cha juu kikishushwa taa zinang'aa, kikipandishwa zinafifia. Chumvi aliipima kwa kijiko, na ilikuwa yake, ametoka nayo kwao.

Kisha akatupigia hesabu kwa sauti, kama kwamba tulimwomba. Taa moja inakula wati mia, na injini yote ina wati elfu tatu. Kila mtungi unabeba taa nane, basi, ukizidisha maji yatachemka. Mitungi mitatu ni taa ishirini na nne, na kinachobaki ni cha injini kupumulia. Nilipiga miayo hadharani. Lakini nilielewa, wala halikuwa jambo la kumshinda mtu mwenye akili zake.

Lilimshinda Bwana Mwinyimadi. Alileta taa nyingine nane kwenye waya wake, kwa kuwa mwezi uliopita Kibaha walikuwa na taa thelathini na yeye hakupata usingizi kwa wivu.

Hemedi akamwambia, "Mzee, hizi mtungi hauzibebi, na injini haizibebi. Mtu hujikuna ajipatapo."

Bwana Mwinyimadi akajibu, "Hizo hesabu za Kibaha. Hapa ni Kisarawe."

Eti hesabu nazo zina kwao. Hemedi alizikunja zile taa akaziweka kando.

Onyesho lilianza saa mbili usiku. Kama ilivyo desturi, mahasimu wetu tuliwakaribisha na kuwakalisha mbele kabisa, waone vizuri, warudi kwao wakiumia. Mwanga ulikuwa hafifu kama tulivyopanga. Mimi nilikuwa pembeni ya pazia, nasubiri fidla imalize. Mwanamke mmoja wa Kibaha akapaza sauti, "Jamani, Kisarawe mnaimba gizani? Tuwaazime kibatari?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, maana ulikuwa mpasho mzuri, na jibu lake nilikuwa nalo ulimini. Hiyo ndiyo tarabu. Asiyeweza kuchekwa abaki dukani kwake.

Bwana Mwinyimadi alikuja nyuma ya pazia anatokwa jasho. Hemedi akamwambia asubiri ubeti wa pili, taa zitapanda. Mwenyekiti akamwambia, "Toka hapa, kakae na injini yako." Hemedi akatoka. Katika yote, kosa lake nililoliona ni hilo, la kumtii mpumbavu.

Alipotoka, Bwana Mwinyimadi mwenyewe, kwa mkono wake, alichukua zile taa nane akazichomeka kwenye mtungi wa kwanza. Badala ya mwanga kuongezeka, ukafifia zaidi, kwa sababu sasa taa kumi na sita zilikuwa zinagombea chakula cha nane. Kibaha walicheka mpaka wakalia. Nilimwambia, "Bwana, muite fundi." Akaniambia, "Wewe imba." Kisha akatoka kwenda jikoni, walikokuwa wakipika pilau la wageni, akarudi na bakuli la chumvi, akalimimina lote mtungini. Taa zikawaka. Akakunja mikono, akanitazama kama yeye ndiye aliyeleta asubuhi duniani.

Nikatoka kuimba. Kwenye ubeti wa nne nilisikia kitu kinatokota nyuma yangu. Mtungi si chungu, bwana koplo. Mtungi umefinyangwa kwa maji ya baridi, hata mwari anajua. Ukapasuka, na maji yakapita chini ya pazia mpaka kwenye mkeka alipokaa Zubeda miguu mitupu. Tari ilimtoka mkononi. Alikakamaa, mdomo wazi, sauti haitoki. Hemedi alisikia kelele akazima injini. Asingeizima, leo tungekuwa kwenye matanga. Zubeda yuko hospitali, nyayo zote mbili zimeiva, hajui kama atakanyaga tena. Nampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Taa hazijarudi kuwaka, Bwana Mwinyimadi tayari anapiga kelele kwamba Hemedi ndiye aliyejaza chumvi. Debe tupu.

Mtaniuliza ushahidi, maana mimi ni mwanamke na yeye ni mwenyekiti. Chumvi ile ilikuwa ya wapishi, wala hawakuwa na nyingine, na duka lake alikuwa amelifunga. Sufuria la pilau lilikuwa bado halijatiwa chumvi. Zubeda alipokwisha kupelekwa hospitali, watu walikula, maana kwetu sisi pilau haliachwi. Na wewe bwana koplo ulikuwepo, umevaa kanzu, umekaa sinia moja na Bwana Mwinyimadi. Nilikusikia ukimuuliza mbona pilau halina chumvi. Akakwambia wapishi wamesahau. Andika na hilo.

Hayo ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, ni yangu yote, sipunguzi neno.

(Dole gumba la shahidi)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kama alivyoyasema, pamoja na yanayonihusu mimi. Wapishi wawili wameulizwa, nao wanasema chumvi yao ilichukuliwa na mwenyekiti kabla pilau halijatiwa. Nathibitisha kwamba pilau halikuwa na chumvi. Hemedi bin Salehe ametolewa saa tano asubuhi. Bwana Mwinyimadi ameitwa kituoni.

Maneno bin Mwishehe, Koplo