Pole Mama, Inauma Wapi?

Merrylands, Sydney
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Kwa dada yangu Ruqayya, Ngamiani, Tanga.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Kabla ya lolote nakuulizia goti lako, maana mara ya mwisho uliniambia ngazi zinakushinda. Nakuulizia na presha, na yale mafua yaliyoshika mtaa mzima, naomba Mungu yawe yamekwisha. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Shemeji yako Ridhwan yuko na basi lake, Sabri katimiza miaka mitano na mdomo haufungi, Huda ana saba. Baridi ya huku mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Hapa ninapoandika nimevaa soksi mbili mbili.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti kwenye simu. Dada, simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na ninachokwambia kinafika sokoni kabla yako. Barua hii nampa Kawira, Mkenya jirani yangu, anakwenda Mombasa kumwona mamake, naye ataikabidhi kwa dereva wa basi la Tanga. Isome peke yako. Nina hasira ya miaka miwili, na leo naitoa.

Nianze na shule. Nilikwambia nimemtoa Huda shule kwa ajili ya dini, nimfundishe nyumbani na Kurani yake. Haikuwa kweli. Siku ile nilikwenda kumchukua mapema, tuna miadi ya daktari wa meno. Nikapelekwa kwenye kijichumba pembeni ya darasa, kina zulia na mto mmoja, na mwanangu yuko sakafuni, vidole kavitia masikioni, peke yake kama mzigo uliosahauliwa. Nikauliza ana nini. Mwalimu akanijibu kwa tabasamu kwamba Huda anapumzika, kelele za wenzake zinamsumbua. Nikamuuliza anapumzika tangu saa ngapi. Akatazama saa yake. Tangu saa tatu asubuhi, dada, na hapo ni saa saba mchana! Tena nikaja kujua kwamba ndivyo wanavyomfanya karibu kila siku, na kwenye daftari la kwenda nyumbani wananiandikia kuwa leo ametulia vizuri. Hata kuku anayeatamia hutoka akanyoosha miguu. Nilimbeba mwanangu, na begi lake nikalibeba, na hatukurudi.

Huku huwezi kukaa na mtoto nyumbani hivi hivi, lazima upate kibali. Akaja mkaguzi, kijana mpole wa suti, akakaa pale mezani jikoni. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la saba, na cherehani. Akakohoa kidogo, akaandika. Akaniuliza sayansi nitaifundishaje. Basi nikamfunulia bakuli la unga wa mandazi, hamira imeshaumuka, nikamwambia hii ndiyo sayansi ya leo, na akikaa nusu saa ataila. Alikaa. Kibali tukapata.

Sasa sikia ya wenzetu. Watu wa pwani huku ni wachache, wa Mombasa, wa Unguja na sisi wa Tanga, tukikusanyika wote tunaenea sebule mbili. Tulikuwa na maulidi kwa mama mmoja, nami nikaenda na watoto, nimewavisha wakapendeza. Huda akapita mbele ya bibi mmoja mzito, mtu wa kuheshimiwa, akamwambia, "Marahaba!" Akaenda kwa wa pili, "Marahaba!" Yule wa kwanza akapandisha miwani akasema, "Ala! Shikamoo yako nimekupa lini, bi mkubwa?" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Halafu kicheko kikageuka. Mmoja akasema mtoto akifungiwa ndani na mamake adabu atafundishwa na ukuta. Mwingine akaninong'oneza, kwa huruma kabisa, nimtafute mtu amsomee, kuna kitu kimemkalia. Na mimi, dada, mbele yao nilimfinya mwanangu mkono mpaka ukabaki alama.

Lakini Huda hakuwa na ujeuri. Kila akiingia mahali nikamwambia atoe salamu, neno linalorudi masikioni mwake ni marahaba. Basi kwake hilo ndilo neno la kuingilia. Anayachukua maneno kama yalivyomjia, hayageuzi. Akiwa na kiu hanambii nataka maji. Ananijia ananiambia, "Unataka maji, mama?" kwa sababu ndivyo ninavyomuuliza mimi. Nami namimina, anakunywa. Nimezoea hivyo miaka mingi mpaka sikuona ajabu.

Ajabu niliiona Sabri alipoanza kukaa naye meza moja. Wote wawili nawafundisha mimi, kwa sauti moja, kwa kalamu zile zile. Sabri haandiki herufi mbili bila kuita, "Mama, ona! Mama, ona alifu yangu! Mama, ona inzi!" Ananichosha kwa kuona. Huda anasoma vitabu vya watoto wa miaka kumi, na juzuu ya thelathini kaihifadhi kwa kusikiliza tu mimi nikisoma huku napika. Lakini nikakaa nikafikiri, nikarudisha siku zote nyuma, na katika umri wake wote mtoto yule hajaniita hata mara moja nione kitu. Hata mara moja, dada. Tangu siku hiyo nikawa namtazama huku najiuliza, na swali lenyewe silitamki.

Aliyelitamka ni Léonie, Mkongo anayekaa ghorofa ya juu yetu, mtu wa kanisa, kazi yake ni kuhudumia walemavu. Ananiletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli lake. Siku moja akaniambia kwa Kiswahili chao, "Mama Huda, usikasirike. Huyu mutoto hana kiburi. Iko na namna yake ya kusikia dunia. Umupeleke kwa munganga wa watoto." Nikakasirika! Nikamrudishia bakuli lake tupu, bila hata andazi moja ndani, nikasema hapo kashapata salamu zake. Kumbe kwao bakuli tupu ni bakuli tupu. Alishukuru kwamba nimeliosha vizuri, na wiki ile ile akaleta sombe nyingine. Nikashindwa kumkasirikia zaidi.

Nikaenda kuomba miadi kwa huyo munganga, yaani daktari wa watoto. Tulingoja miezi kumi na moja. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, na mkalimani alikuwa kwenye simu, mwanamume simjui, hata jina lake hakulitaja. Daktari akasema maneno marefu, yule mkalimani akanigeuzia hivi: "Anauliza kama mtoto wako ana wazimu kidogo." Dada, nilihisi damu imenipanda kichwani. Wazimu! Mtoto anayesoma Kurani kwa moyo! Jina lenyewe la Kiswahili lipo, ni usonji, Kawira ndiye aliyenifundisha juzi, kwao wanalisema redioni. Yule bwana kalipwa kwa kazi ya maneno na neno lenyewe hanalo.

Tangu hapo sikumsikiliza tena daktari, nilikuwa nampiga vita. Akasema Huda hamtazami usoni. Nikamjibu kwamba kwetu mtoto mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa. Akasema hajibu anapoulizwa. Nikamjibu kwetu mtoto hadakii maneno ya watu wazima. Akasema anarudia maneno ya wenzake. Nikamjibu ndivyo tunavyofundishana chuo cha Kurani, mwalimu anasema, mtoto anarudia. Kila nikijibu, kalamu yake inafuta. Mwisho akaniomba radhi. Akasema amejifunza mengi kuhusu utamaduni wetu.

Barua yao ikaja, imeandika kwamba mwenendo wa mtoto unaelezeka kwa malezi ya kwao na lugha, na labda kwa kukaa nyumbani mno, na inafaa arudi shule achanganyike na wenzake. Nawe nilikutumia sauti nikashangilia, daktari kasema Huda mzima. Barua ile niliitembeza kwa wale kina mama wa maulidi kama hati ya nyumba.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Mwezi wa sita mgongo ulinishika, nikawa natembea nimejikunja. Huda akanijia jikoni, akaniwekea mkono gotini, akatazama pembeni kama kawaida yake, akasema, "Pole mama. Inauma wapi?" Dada yangu, nililia. Nikamwonyesha, hapa mgongoni. Nikampigia Ridhwan, nikamwambia mwanao leo kanipa pole. Nikampigia na yule wa adabu ya ukuta, nikamwambia njoo usikie mtoto wangu anavyomjulia hali mamake. Kesho yake akaja tena, "Pole mama. Inauma wapi?" Nikambusu. Akarudi mara nne, mara tano, sauti ikawa juu zaidi, nami kila mara nambusu na kumshukuru. Siku ya tatu asubuhi nakunja shuka, nikakuta mto wake una usaha na damu.

Sikio, dada. Lilikuwa limepasuka ndani. Daktari wa zamu akaniuliza, tena kwa ukali wenye haki, inakuwaje mtoto wa miaka saba akae siku tatu na maumivu yale asiseme. Alikuwa amesema. Ndivyo ninavyomwambia mimi akianguka, pole mama, inauma wapi. Alisema siku tatu kwa Kiswahili safi, na mimi mamake, ninayejua kwamba "unataka maji" maana yake ana kiu, nilimwonyesha mgongo wangu. Nilitaka sana kupewa pole, nikachukua ya kwake.

Na hasira yangu yote ya shule na ya mkalimani ikakosa pa kukaa ikarudi kwangu. Kwa sababu, Ruqayya, yale niliyomwambia yule binti daktari hayakuwa kweli, nami nilijua nilipokuwa nayasema. Sabri kalelewa kwa adabu hiyo hiyo, na Sabri anamtazama kila mtu usoni mpaka unamwambia inatosha. Nilichukua heshima yetu, aliyotulea nayo marehemu mama, nikaifanya pazia. Yule binti kwa kuogopa asitudharau akafunga kalamu yake, na mwanangu akabaki bila msaada, na mimi nikatoka kichwa juu.

Kuna na lingine, na hili ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Kwenye fomu waliuliza, je, katika ukoo kuna mtu wa namna hii? Nikaandika: hakuna.

Nimemwandika ndugu yetu hakuna. Mohdhar, aliyekuwa akisema "Njoo ule, Mohdhar" akisikia njaa, na baba akidhani anamfanyia mzaha akamchapa. Mohdhar uliyemwogesha na kumnyoa ndevu miaka thelathini, ukarudisha posa mbili kwa ajili yake. Siku ya posa yangu mimi walimtoa nyumbani wageni wasimwone, ukakaa naye stoo ya jirani mpaka magharibi, hukunywa hata sherbeti yangu. Na mume wangu nilimwambia ndugu yangu aliharibiwa na degedege utotoni. Nilimwona Mohdhar katika kila alichofanya Huda tangu ana miaka miwili. Ndiyo maana sikutaka mtu yeyote alitamke. Niliogopa stoo ile.

Ridhwan nimemwambia yote wiki iliyopita. Nilingoja anilaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Na dada Ruqayya, nani anamsaidia?" Nikaona haya, kwa sababu swali hilo mimi sijakuuliza katika maisha yangu. Nakuuliza sasa.

Naomba unisamehe. Na pamoja na msamaha nina haja na wewe, haiwezi kungoja. Nimewapigia kliniki, nimesema niliyowaambia si kweli, wamenipa miadi mingine Jumanne, tarehe 2 Septemba. Nimekataa yule mkalimani. Shuleni simrudishi, meza yangu ya jikoni inatosha, lakini nataka nifundishwe kumsikia. Niandikie mambo ya Mohdhar kama yalivyokuwa. Alisema neno la kwanza lini, alikuwa anaogopa nini, ulianzaje kujua akisema hivi anataka vile. Usinipunguzie kwa kunihurumia. Hapa duniani mwenye elimu hiyo ni wewe, na hakuna aliyewahi kuja kukuuliza. Ukipenda zungumza kwenye simu, nyumba nzima isikie, sina tena cha kuficha.

Wasalimie majirani wa pande zote mbili. Ridhwan anakuamkia, Sabri anakuamkia kwa Kiingereza, utamsamehe. Huda hajambo, sikio limepona, yuko hapa chini ya meza na kitabu chake.

Na barua zangu zote huwa namalizia "nisalimie wote wa nyumbani," nikimtia Mohdhar humo asionekane. Leo mpe salamu zake peke yake. Mwambie, kwa namna unayojua wewe ataelewa, kwamba Amne anamsalimu.

Mdogo wako,
Amne