Kwa Dada, Kuhusu Ukuta wa Chumba cha Sita

Dada yangu Leokadia,

Watu wa halmashauri wamezipiga kota za kinu cha kusaga alama za X nyekundu, safu yote, chumba cha kwanza hadi cha kumi na mbili. Ya chumba chetu, cha sita, wameipaka chini ya dirisha, pale ulipokuwa ukianika soksi zangu za shule. Nakuandikia wewe, tena hadharani, kwa sababu walio hai nimekwisha kuwaandikia, na kwa sababu ninaogopa. Ungenicheka. Mimi niliyembishia mwalimu mkuu mbele ya shule nzima, leo natetemeshwa na rangi ya ukutani.

Unaukumbuka ukuta wa kitandani kwetu? Upande wa pili palikuwa na meko ya jirani wa chumba cha saba, fundi wa mashine katika kinu kile kile alichobebea baba magunia. Juni, upepo wa Ufipa ulipopenya kila tundu, tuliyaegemea matofali yale kama mijusi. Mama aligonga: "Jirani, mmezima?" Akajibiwa: "Bado, mama. Watoto wamepata joto?" Hakuna aliyezima moto kabla ya kuuliza. Utaratibu huo haukuandikwa popote, na hakuna meneja aliyeuamuru.

Ulipougua kifua, moto wa jirani haukuzimwa usiku wala mchana. Ulikuwa ukiniambia, "Weka mkono hapa, bado pana joto." Ukuta ulikuwa na joto hata asubuhi ulipotutoka.

Sasa sikia walivyoamua. Wanataka maduka pale. Niliandika, nikagombana, mwishowe wakakubali kuhifadhi historia ya kinu, kwa maana ya nyumba ya meneja, ile yenye baraza na mawaridi. Kota, bomba la pamoja na njia ya kwenda kinuni vyote vivunjwe. Nikasimama mkutanoni Majengo nikawaambia kwamba ukiacha nyumba ya meneja ukavunja kota, umemtunza aliyetoa amri na kuwafuta waliofanya kazi. Nilitazamia makofi. Aliyeinuka ni jirani yetu yule wa chumba cha saba, mzee sasa.

"Mwanangu, yale ni mabanda," akasema. "Tulilala mle kwa kukosa. Wewe unakaa Mazwi kwenye vigae, halafu unataka tukutunzie banda uje kulipiga picha?"

Watu wakacheka, mwenyekiti naye. Dada, aibu yao ile ya kuishi kota niliiogopa kuliko katapila. Watu wakishaamini kwamba waliishi kama mifugo, hakuna atakayeuliza pale palikuwa na nini.

Juzi nikamfuata nyumbani. Shikamoo yangu aliipokea bila kunitazama. Nikamuuliza kwa nini awe yeye, kati ya wote.

"Ulitaka niseme nini? Kwamba kuni ziliisha, nikachoma mlango wa kampuni?"

Sikuelewa, akanieleza. Wiki yako ya mwisho alikosa kuni, akaupasua mlango wa chumba chake na kuutia mekoni. Meneja alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote, akamwita mshenzi asiyejua kazi ya mlango. Hakupewa mwingine. Mkewe alizaa watoto wawili nyuma ya pazia la gunia, pazia lile lile ambalo mimi, mdogo wako, nilikuwa nikiwatania nalo watoto wake.

"Mama yenu hakujua," akasema. "Na meneja sikumwambia ni kwa ajili ya nani."

Nikamwomba ruhusa ya kuandika.

"Andika. Jina langu liache."

Kikao cha mwisho ni Jumatatu. Amekubali kuja kotani kuwaonyesha wajumbe fremu isiyo na mlango, meko yake, na upande wa pili, mahali kilipokuwa kitanda chetu. Hayo hayaonyesheki kwenye kifusi. Nimeuliza ofisini kama ubomoaji utasubiri kikao. Karani akanijibu kwa upole, "Hatujaambiwa." Leo ni Ijumaa, na katapila limeshaegeshwa kwenye mikaratusi karibu na kota.

Pumzika, dada. Nimechukua kiti na blanketi, nakwenda kukaa kwenye fremu ya chumba cha saba hadi mzee afike Jumatatu. Sijui kama dereva atasimama akiniona.

Mdogo wako