Fimbo Niliyoiacha kwa Elia

Jumanne, 4 Machi. Mui Ne, Vietnam
Nimepaa samaki toka alfajiri mpaka saa nne. Siku ya nane. Mikono inanuka, sabuni imeshindwa. Hapa kila chakula hutiwa maji ya samaki waliovundikwa na chumvi kwenye mapipa. Wiki iliyopita nilitapika, sasa naongeza mwenyewe.

Bosi wa hoteli yetu kule Mikumi kanileta huku wiki nne kusomea upishi, msimu huu wa mvua, wakati wageni wachache. Wageni wa hifadhini wamechoka na kuku wangu. Nikirudi na cheti, mimi ndiye mpishi mkuu. Bila cheti, wataajiri mwingine juu yangu.

Ufukweni watu wamelala juani kama mihogo ya kukausha. Wavuvi wana mitumbwi ya mviringo, mtu anaupiga kasia na haupinduki. Sijagusa maji. Mtu wa milima ya Kilosa hana undugu na bahari.

Alhamisi, 6 Machi
Neema kapiga simu. Ni binti wa marehemu dada yangu, ana miaka kumi na tisa, anaishi Mvumi ya kwetu Kilosa na baba yake. Barua ya posa inaletwa Jumamosi ya tarehe 15, nyumbani kwa mdogo wangu Elia, Kilosa mjini. Muoaji ni mfanyabiashara wa mpunga wa Magomeni ya hapohapo Kilosa, mtu wa makamo. Neema hamtaki. Anataka chuo cha uuguzi. Baba yake kamwambia chuo hakikimbii.

Dada alipokuwa kitandani nilimwahidi mtoto atasoma. Nikamwambia Neema atulie, kwetu barua ya posa haifunguliwi bila mjomba. Nilijisikia mkubwa sana.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Lan, anayetufundisha jikoni, hukabidhi kila kitu kwa mikono miwili, hata sahani tupu. Leo nimeipokea sahani, nikakumbuka.

Fimbo ya babu. Katika ukoo wetu inalazwa mezani kando ya barua, na anayeishika ndiye mjomba siku hiyo. Kabla ya safari nilimpa Elia. Niliogopa mchwa tu, vyumba vyetu Mikumi vina mchwa. Lakini nilimpa kwa mikono miwili, sebuleni kwake, wazee wakiangalia. Wao hawakuona mchwa. Waliona nimemkabidhi kauli.

Na Elia anaendesha lori la yule mtu wa Magomeni.

Jumapili, 9 Machi
Nimempigia Elia. Kanipa shikamoo yangu vizuri, kisha kaanza kumsifu tajiri wake. Nikamwomba ampelekee mke wangu fimbo. Kasema kilichotolewa mbele ya wazee hurudi mbele ya wazee, nije mwenyewe niichukue. Ni kweli, ndiyo kanuni. Nimekasirika kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemweleza Bi Lan. Kaulizia, karudi na jibu. Tiketi inabadilishika. Nikiondoka Alhamisi, Ijumaa niko Dar, Jumamosi asubuhi Kilosa. Ila cheti sitapata, mtihani ni tarehe 20. Anataka jibu keshokutwa.

Jumatano, 12 Machi
Nabaki.

Nimejiambia nitaongea na wazee kwa simu. Uongo. Nataka cheti. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kuwa mkuu wa kitu chochote.

Nimempigia Neema, nikamwambia tiketi haibadiliki. Kasema sawa mjomba, asante, kazi njema. Asante ndiyo iliyoniumiza.

Jioni niliingia baharini mpaka magotini. Maji ni ya vuguvugu, hayana raha yoyote.

Jumamosi, 15 Machi
Saa kumi na mbili jioni hapa ni saa nane mchana kwetu. Nilipiga simu mara kumi na moja nikiwa nimesimama uani, nimevaa aproni.

Elia kapokea mwishoni akifoka. Wageni walifika, barua ikawekwa kwenye sinia, wazee wakaomba fimbo. Haipo. Nyumba nzima imepekuliwa. Wazee wakasema bila fimbo hakuna mjomba. Upande wa muoaji wakaona wamedharauliwa, wakaichukua barua yao na kuondoka. Elia anasema nimetuma mwizi nyumbani kwake.

Nilicheka. Kisha kasema Neema naye hayupo, toka asubuhi. Simu yake imezimwa. Baba yake anamtafuta kando ya mto Mkondoa. Ni Machi, mto umejaa.

Mimi niko hapa, nanuka samaki. Mungu wangu, mtoto wa dada yangu.

Jumapili, 16 Machi
Mke wangu kapiga. Neema yuko kwetu Mikumi, kaingia jana jioni kalowa, ana mkeka aliouviringisha na kuufunga kwa kanga. Ndani ya mkeka kuna fimbo. Baba yake ameshaambiwa.

Nilikaa juu ya gunia la mchele nikalia. Bi Lan kaniletea maji, kwa mikono miwili.

Ijumaa, 21 Machi
Nimepewa cheti. Tumepigwa picha. Katika picha nimecheka.

Jumatatu, 24 Machi. Mikumi
Mvua. Neema ndiye aliyenifungulia mlango. Shikamoo, marahaba. Kanipokea begi, kanitengea ugali na mlenda. Fimbo iliegemea ukuta karibu na mtungi, imepakwa mafuta.

Nilikula. Nikauliza aliichukuaje. Kasema Alhamisi alienda kwa Elia kusaidia kuchambua mchele wa sherehe, akaondoka na mkeka ulioviringishwa, fimbo ndani. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Aliendelea kukusanya vyombo.

"Mjomba, siku uliyoniambia tiketi haibadiliki, ndiyo siku niliyojua niichukue mwenyewe."

Mke wangu alikuwa anaangalia sakafu. Naye alijua nilidanganya.

Kesho tunakwenda Kilosa kupitia kijiji cha Ulaya, mimi na Neema, kukaa na baba yake na Elia na wazee. Nitasema mtoto anakwenda chuo. Nilimwomba fimbo niifunge na mizigo yangu. Kasema ataibeba yeye mpaka mbele ya wazee, na hapo ataangalia kama anipe.

Nimemwambia sawa.

Cheti bado kiko kwenye begi. Mvua inaendelea. Neema anaosha vyombo.