Tapeti za Hamidou na Hitima Yako

Shemeji Saindou,

Dada yangu Zahara ndiye aliyenituma nikuandikie. Anasema yeye akishika kalamu analia tu, na mimi nikishika kalamu natukana, basi heri matusi, angalau yanafika mwisho wa ukurasa. Nakuandikia Kiswahili, kile cha gereji ya Mombasa tulikojifunzia kazi, maana ndicho tulichozungumza miaka yote tukiwa chini ya magari. Kingazidja changu cha kisiwa hiki ulikicheka, nami nilikicheka Kinzuani chako. Siku hizi hapa Moroni, mtaani Magoudjou, hakuna anayekicheka Kinzuani. Mtu akikisema sokoni, watu wanageuka kumtazama.

Habari yako ilitufikia kwa kuzunguka. Tangu kisiwa chenu cha Nzwani kijitenge, simu za kwenda huko zimekatwa, kwa hiyo binamu yako aliyeko Mayotte ndiye aliyetupigia. Alisema sukari imekuchukua, kwamba dawa ziliisha kwenu Mutsamudu kwa sababu meli zimezuiwa, na kwamba umekwisha kuzikwa. Mutsamudu na Moroni ni nchi moja, ndivyo redio inavyotuimbia asubuhi na jioni, lakini msiba wako ulipitia Mayotte kwa Wafaransa kabla ya kufika kwa mkeo. Zahara hakupiga kelele. Aliuliza nani alikuosha, na binamu yako hakujua. Sasa yuko edani, ndani ya nyumba yake, chumba kilekile ulichoingia ukiwa bwana harusi, na kanzu yako ya Ijumaa bado iko nyuma ya mlango. Nilitaka kuiondoa, akanifukuza.

Nina uchungu, shemeji, na sitaupamba. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawa wetu hawakuwa hata na adabu hiyo, walikwambia toka. Walisimama kwenye lango la gereji, vijana ambao pikipiki zao ulizitengeneza kwa ahsante tu, wakisema Wanzuani warudi kwao, kama wamejitenga basi wajitenge na miili yao. Wewe ulifuta mikono, ukafunika injini uliyokuwa umeifungua vumbi lisiingie, ukaniambia, "Usibishane nao, utamharibia Zahara majirani." Zahara alitaka kukufuata, ukamkataza. Ulisema mambo yatatulia kabla ya Ramadhani. Sijui ulikuwa unazungumzia Ramadhani ipi.

Unajua kinachoniuma zaidi. Mimi nilitolewa Mahajanga, huko Bukini, nikiwa mtoto, siku zile Wakomoro walipochinjwa kule, tukaja hapa hatuna hata mkeka. Mtaa huuhuu ulitupokea. Wanawake walileta uji na nguo, wanaume wakalia mbele ya baba yangu, wakasema haijapata kuonekana jirani kumfukuza jirani. Nilidhani waliyasema yale kwa kumaanisha. Na wewe ulipofika kwenu, ulituma salamu kwa baharia kwamba Mutsamudu nako wanakuita Mngazidja, kwamba umekaa Moroni mpaka umeoza, na wanakuuliza umetumwa na nani. Ulituma salamu hizo kama mzaha. Zahara hakucheka, na mimi sikucheka.

Basi nikaenda kwa Ba Hamidou, mkubwa wa mtaa wetu, kuomba usomewe hitima msikitini. Zahara hakuwa ameomba kitu kingine. Kaburi hakuliona, sanda hakuishika, alitaka tu watu uliosali nao miaka yote wakae chini wakusomee. Unajua bila neno la Ba Hamidou hakuna atakayekuja, na hitima ya watu wawili ni aibu kuliko kukosa hitima. Alinikaribisha vizuri, akaninywesha chai, akasema mambo ni moto, tusubiri yatulie. Nikamwuliza kama na wewe ungesubiri yatulie ndipo ufe. Akasema mimi nina hasira. Ni kweli ninazo.

Sasa nikueleze la gari, maana najua huko uliko unalisubiri.

Hamidou, mwanawe, amerudi kutoka Marseille kufanya ndoa yake kubwa. Je-viens kamili, kama tunavyowaita hawa wanaotoka Ufaransa, miwani na manukato. Amekuja na gari la mbio ndani ya kontena, silinda nane, kamshafti imechongwa, tapeti za haidroliki, zile zinazojazwa mafuta ya injini ndipo zisukume valvu sawasawa, kila kitu kipya. Gari ndilo litakalotangulia msafara wa harusi. Lakini lilikaa bandarini miezi, mafuta yakashuka yote kutoka kwenye tapeti, na siku walipoliwasha likagonga juu kama vijakazi wanatwanga. Hamidou akaona haya mbele ya wajomba. Sheo, shemeji, ile heshima ya mbele za watu. Akamwita fundi mmoja, akamwambia aue kelele. Yule akabana nati za roka, vyuma vinavyokandamiza valvu, mpaka pakawa kimya, wakapiga makofi. Mafuta yalipojaa, tapeti zikavimba, valvu zikabaki wazi. Gari likawa linakohoa, halina nguvu, linazimika kwenye mlima wa kwenda Ntsoudjini, na bwana harusi analisukuma kwa suti.

Walijua ni nani aliyekuwa fundi wa injini kama hizo mji huu. Hawakulitaja jina lako. Waliniambia tu, "Wewe ulifanya naye kazi."

Nilimwambia Hamidou kwamba fedha zake sizitaki. "Mimi nitafungua injini yako leo. Baba yako atafungua msikiti Ijumaa, asomewe Saindou." Aliniangalia kama nimempiga. Akaenda, akarudi mchana. Baba yake amekubali, alisema, tutamsomea kama mtu wa mtaa. Sikulipima neno hilo. Nilifurahi, nikashika spana.

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilizungusha injini mpaka kamu ikaigeuzia tapeti mgongo, valvu zote mbili za silinda moja zikiwa zimepumzika. Nikalegeza nati mpaka fimbo inayosukuma roka ikacheza. Kisha vidole viwili kwenye fimbo, kupandisha na kushusha, huku nakaza polepole. Yule fundi wa kwanza, nadhani, alikuwa anaizungusha fimbo akingoja iwe nzito, na tapeti isiyo na mafuta haiwi nzito, inazama tu chini ya mkono kama godoro bovu, nawe unadhani bado. Nilikusikia kabisa ukisema, "Usimwulize kwa kumzungusha, atakudanganya." Pale fimbo ilipoacha kupanda na kushuka ndipo nafasi ilipokwisha. Kutoka hapo nusu mzunguko, basi, tapeti ikae katikati ya safari yake. Nikahamia silinda nyingine.

Nisikufiche, mkono uliniwasha. Kubana kidogo tu kwenye silinda moja, na gari lingekohoa mbele ya wakwe wote, na wao wangesema ni mafuta ya Moroni. Niliiwaza sura ya Ba Hamidou. Sikufanya. Si kwa sababu mimi ni mwema. Ni kwamba kila nati niliyoishika nilikuona umesimama nyuma yangu na lile jicho lako, na hasira yangu yote haikutosha kulishinda.

Lilipowaka liligonga tena. Hamidou akashika kichwa. Nikamwambia asubiri, wewe mwenyewe ulizoea kusema kelele ya kwanza ni kiu, si ugonjwa. Tukasubiri. Tapeti zikanywa, zikanyamaza moja baada ya moja, na injini ikatulia pale ikinguruma vizuri mpaka wanawake wakatoka vibarazani. Mlima wa Ntsoudjini gari liliupanda kama si mlima. Hamidou alinishukuru kweli, sitamdhulumu kwa hilo.

Ijumaa tukakusomea. Watu walikuja, shemeji, walikuja wengi, hata wale wa langoni. Walikaa, wakagawana juzuu, wakasoma. Zahara hakuweza kutoka edani, lakini msikiti una kipaza sauti na nyumba iko jirani, alikaa dirishani akisikiliza. Khatibu alipomaliza akamwelekea Ba Hamidou kuuliza dua iende kwa nani. Ba Hamidou akajibu, "Saindou bin Ali, fundi wa Magoudjou."

Hapo ndipo nilipoelewa lile neno lake la mtu wa mtaa. Ukiwa hai na unahema, ulikuwa Mnzuani, toka. Umekufa, umeoshwa na wengine, hudai nafasi ya kulala wala ya kusali, sasa wewe ni wetu. Walikutia kwenye dua kwa kukufutia kwenu. Nilitazama watu, wote wameinamisha vichwa. Nadhani baadhi yao waliona ni heshima wanakupa.

Nilisimama. Unajua mimi si msemaji. Nikasema, "Wa Mutsamudu. Mume wa dada yangu, wa Mutsamudu."

Ba Hamidou alitazama mkeka. Khatibu, Mungu amlipe, alinyanyua mikono akaanza upya, na kipaza sauti kikapeleka mtaa mzima, Saindou bin Ali wa Mutsamudu, Mola amrehemu. Wengine waliitikia amina. Wengine hawakuitikia, na nimewaona. Nilipofika nyumbani Zahara alikuwa bado dirishani. Akaniambia amesikia. Halafu akalala, usingizi ambao hakuupata tangu simu ile.

Sina amani, shemeji, usinidhanie. Sijawasamehe, na harusi yao sikwenda ingawa kadi ilikuja.

Pumzika sasa. Mwenyezi Mungu akupe nafasi kubwa kuliko tuliyokupa sisi. Ahadi yangu ni hii: meli ya kwanza itakayoruhusiwa, nampandisha Zahara nami nampeleka kaburini kwako. Huko Mutsamudu watatuuliza sisi ni nani na tumemfuata nani. Nitawaambia tumemfuata mtu wetu, Saindou wa Magoudjou, na nitasubiri nione nani ataitikia amina.

Shemeji yako,
Msa