Mkono wa Kushoto Ukishuka

Jumatatu, 1 Septemba 1947
Mazoezi tena nyuma ya duka la Fundi Athman. Mkono wa kushoto umeshuka mara tisa, Fundi kazihesabu mwenyewe. Nikirusha ngumi ya kushoto, naurudisha mkono kiunoni badala ya kidevuni. Fundi ni mshonaji, lakini ndondi alijifunza jeshini, Burma, na jicho lake halina huruma. Miguu nayo mizito. Nina miaka thelathini na tisa. Nimekasirika siku nzima.

Jumatano, 3 Septemba
Fundi amenifunga uzi mnene kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Ncha ya pili niiume. Mkono ukishuka, meno yavutwa. Naonekana kama mbuzi kamba shingoni.

Jioni fizi zilikuwa zinauma, chakula sikukitaka. Nikazunguka ua mpaka mke wangu, Zuhura, akachoka. "Keti kitako, mume wangu. Wanizungusha kitwa." Nimemwahidi Zuhura: nikishindwa pambano la Jumamosi ya wiki ijayo, ndondi basi. Nikishinda, naendelea. Najua anaomba nishindwe.

Ijumaa, 5 Septemba
Bandarini, makasha ya majani ya chai. Mpiko mmoja wa mti begani, mahamali wawili, kasha laning'inia katikati kwa kamba. Mimi mbele, Mbarak nyuma, mwaka wa nne huu. Na ni huyu huyu Mbarak nitakayepigana naye Jumamosi ya wiki ijayo. Ana miaka ishirini na sita. Leo hatukulitaja pambano hata kidogo.

Jumanne, 9 Septemba
Nimegundua, na heri nisingegundua.

Mpiko huwa bega la kulia. Nikichoka, napuliza pumzi moja kubwa, kisha mkono wa kushoto washuka wenyewe kushika kamba, kasha lisiyumbe. Mbarak akiisikia pumzi hiyo huivuta kamba upande wake, nipumzike hatua chache. Kumbe ulingoni nafanya yale yale. Pumzi, kisha mkono. Mtu mmoja tu Mombasa nzima anaijua pumzi hiyo, naye ndiye atakayesimama mbele yangu. Uzi wa Fundi hausaidii kitu.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimejaribu kupumua kwa pua tu. Nimeweza raundi moja. Naogopa.

Jumamosi, 13 Septemba
Uwanja wa Makupa, baada ya alasiri. Watu tele. Raundi ya kwanza yangu. Ya pili yake, kanitia mbili za mbavu. Ya tatu nikaishiwa. Nikapuliza. Mkono ukashuka, kidevu wazi kabisa. Nikaiona ngumi yake ya kulia inakuja, ikasimama njiani.

Nikampiga. Mkono wa kulia, kwa nguvu zote. Refa akahesabu mpaka kumi.

Wamenibeba mabegani hadi barabarani. Nilitaka wanishushe. Naona haya.

Jumapili, 14 Septemba
Nimepita mlangoni kwa Mbarak, Kibokoni, mara mbili kabla ya kubisha hodi. Mdomo umemvimba. Nikamuuliza kwa nini alinihurumia mbele ya watu. Akashangaa.

"Si huruma, kaka. Nisikiapo pumzi hiyo, mimi hupokea mzigo. Mkono ulikataa kupiga."

Akacheka, mdomo ukamuuma. Mimi sikuweza kucheka. Nikatembea vichochoro vya Mji wa Kale mpaka magharibi, sina ninakokwenda. Watu wananipa mkono wa pongezi. Nikawa nautoa wangu tu.

Jumatatu, 15 Septemba
Kazini. Makasha yale yale. Penye ngazi za forodha nikapuliza pumzi. Uzito ukapungua begani kabla mkono haujaifikia kamba.

Saa kumi nimemrudishia Fundi glavu. Moja imefumuka kwenye dole gumba. Nimemwomba aishone kwanza, kisha ampe Mbarak zote mbili. Akatafuta sindano.

Zuhura bado sijamwambia kwamba glavu nimezirudisha. Ameniona nimeketi kitako, akaniletea chai.